Ndugu wa Chale

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua panya.

Usicheke. Anayefuga nyoka Guangzhou hununua panya waliogandishwa, hamsini mfuko mmoja, na lazima awafikishe nyumbani kabla hawajaanza kuyeyuka na kunuka mbele za watu. Nilikuwa nakata barabara ya Huanshi Zhonglu kwa miguu, mfuko mkononi, giza ndiyo kwanza linaingia. Simu ikaita. Alikuwa Rozina, dada wa Moshi anayechukua viatu soko la Zhanxi na kupeleka Tanzania.

"Kassian, wewe na Vedasto mmegombana?"

"Hapana. Kuna nini?"

"Niko mtaa wa Zhanqian kwa jamaa wa mizigo. Vedasto katoka hapa sasa hivi, kaacha maboksi sita yenye matundu. Si nikasoma jina la mtumaji? Mfalme wa Bei Chee. Si ndiye huyo mnayemlaani kila siku?"

Nilisimama. Watu wakanipita kushoto na kulia.

"Kassian? Upo?"

Nikakata simu.

Ngoja nieleze. Nyoka tunaofuga hawana sumu. Wachina huwaita nyoka wa mahindi, na watoto wa shule huwafuga chumbani. Miaka miwili iliyopita kinyoka cheupe chenye macho mekundu kiliuzwa yuan mia tisa. Posho yangu ya masomo ilipokatika kabla sijamaliza tasnifu ya uzamivu, nyoka ndio walionilipia kodi na kunilisha. Kisha kila mtu akaanza kuzalisha. Bei ikawa mia tano, ikawa mia tatu. Mimi na rafiki yangu Vedasto, mwanafunzi mwenzangu kutoka Magu, tukasema basi, chini ya mia tatu hatushuki hata tukilala njaa.

Kukubaliana kwa mdomo hakukumtosha Vedasto. Babu yake alikuwa mcheza nyoka wa kule kwao, na alikuwa amemwachia kichupa cha dawa nyeusi. Akatoa wembe. Akanichanja chale mbili mkononi, naye akajichanja mbili, akapaka dawa ileile kwa kidole kilekile.

"Babu alisema waliochanjwa dawa moja ni mtu mmoja," aliniambia. "Mmoja akitoa neno, limetoka kwa wote wawili. Sasa sema bei."

"Mia tatu," nikasema, huku nacheka.

Babu yake na wenzake walichanjana ili nyoka wasiwaue. Sisi wasomi tukaichukua dawa hiyo kulinda bei ya soko. Mpaka leo najiuliza akili zetu tulikuwa tumeziweka wapi.

Wiki tatu baadaye Mfalme wa Bei Chee alizuka kwenye kundi la wafugaji mtandaoni. Mia mbili. Mia na ishirini. Sitini. Arobaini! Hakuna aliyemjua. Vedasto alikuwa anakuja kwangu, anakula ugali wangu, anatikisa kichwa. "Huyu mshenzi atatuua, Kassi." Mimi namwongezea mboga...

Ndugu yangu. Ndugu yangu wa chale!

Nilimpigia mara nne. Hakupokea. Machozi yalinitoka pale barabarani, na sikuona aibu kuyafuta kwa mkono wenye harufu ya panya. Nikaamua nifikishe mfuko kwanza, kisha nimfuate kwake, aniambie usoni.

Jengo ninalokaa lina ngazi nyembamba, na taa zake huwaka ukikanyaga kwa kishindo. Nilikanyaga. Ghorofa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka.

Ya tatu, penye mlango wangu, ikagoma.

Nikakanyaga tena. Giza. Kisha ikanijia harufu ya viazi vilivyochemshwa. Nyumbani Songea, ukiisikia harufu hiyo porini, wakubwa hukwambia kuna nyoka mkubwa karibu, urudi ulikotoka bila kuuliza.

"Laoban," sauti ikaniita.

Hivyo ndivyo wafanyabiashara wa hapa wanavyoitana, bosi. Lakini maneno yaliyofuata yalikuwa Kiswahili, ya taratibu, kama ya mtu anayeyaonja kwanza.

"Usiogope. Nimekuja kuomba punguzo."

Mlangoni kwangu alikuwa amekaa mwanamke. Alivaa koti la mvua, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Mwanga wa dirishani ulimfikia usoni. Sikuweza kujua ni Mchina, Mwafrika au nani. Niliona tu kwamba hapepesi macho.

"Nyoka?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Nyoka nimeshanunua. Wote. Kila anachototoa ndugu yako, nachukua mimi. Mwanzo nilimlipa mia mbili. Nikamwomba punguzo, akakubali. Nikaomba tena, akakubali. Mpole sana. Walipomwishia nikamuuliza, una nini kingine?"

Mfuko wangu ulikuwa umeanza kuyeyuka. Tone... tone... kwenye saruji.

"Akasema ana ndugu."

Nikarudi nyuma ngazi moja.

"Nilimuuliza kama anaweza kukusemea. Akanionyesha chale."

"Mimi siuzwi," nikanong'ona.

"Umeshauzwa, laoban. Tunazungumzia bei." Alisimama, na koti lake likaburuzika sakafuni, likaendelea kuburuzika hata alipokwisha kusimama. "Ametaja mia tatu na hapo hashuki. Kwa nyoka alishuka, kwako amekataa katakata. Mia tatu ni ghali. Mtu simnunui zaidi ya nyoka, na nyoka leo ni arobaini. Wewe mwenyewe unaweza kushusha. Nimekuja kukuomba."

Sijui mwingine angefanya nini. Angekemea, angesali, angekimbia. Mimi kilichonijaa kifuani hakikuwa hofu tena. Niliwaza kwamba ile mia tatu, bei tuliyoiapia kwa damu, bei aliyonivunjia kwa kila kinyoka alichototoa, ameikumbuka siku ya kuniuza mimi.

Nikafungua mdomo.

"Mchukue yeye."

"Nani?"

"Vedasto. Mimi pia naweza kumsemea. Arobaini."

Akaniinamia. Kisha midomo yake ikafunguka kidogo, na sikuona meno.

"Umesema neno, laoban?"

"Nimesema."

Akanipita. Ngazi ni nyembamba, alinigusa bega, na ubaridi wake ulipenya shati. Sikusikia hatua. Nilisikia mburuzo tu, ghorofa kwa ghorofa, na taa hazikuwaka. Kutoka chini sauti yake ikapanda, tulivu kabisa.

"Naanza na aliye rahisi. Wewe nitakurudia soko likifika mia tatu."

Nilikuwa bado nahangaika na ufunguo simu ilipotetema. Yuan arobaini zimeingia. Jina la mtumaji lilikuwa tupu.

Ndipo akili iliponirudia. Nilitupa mfuko, nikakimbia hadi kwa Vedasto, mitaa minne. Nilipiga mlango mpaka mwenye nyumba akaja na ufunguo wa akiba, naye akashindwa, kwa sababu komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Tuliuvunja. Maboksi yote ya nyoka yalikuwa na vifuniko vyake, yamefungwa vizuri, na ndani hamna kitu. Chai ilikuwa mezani, bado ina moto. Dirisha lina nondo ambazo hata paka hapiti katikati yake. Shuka tu ndiyo ilikuwa imevutwa kutoka kitandani, ikaishia kwenye tundu la bomba la maji, tundu la kuingiza ngumi.

Polisi waliandika. Ubalozi ukaandika. Wanafunzi wanasema alikata tamaa akarudi Magu kimyakimya. Rozina haniulizi tena, ananitazama tu. Zile arobaini sijazigusa, na hakuna mtu niliyemwambia. Alinisaliti, ni kweli, na bado inaniuma. Lakini yeye alinitajia bei ambayo mnunuzi hakuiweza. Huenda ilikuwa tamaa. Huenda ilikuwa ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kunificha. Sitajua kamwe, maana mimi nilimtoa kwa bei ya soko, papo hapo, bila kuombwa.

Kwenye kundi wafugaji wanashangilia. Mfalme wa Bei Chee ametoweka, soko linapumua. Mwezi jana kinyoka cheupe kilikuwa mia na themanini. Wiki iliyopita mia mbili na hamsini. Leo asubuhi mtu ameuza kwa mia mbili na tisini, na wenzake wamempongeza kwa picha za fataki.

Mimi nimepiga picha vinyoka vyangu vyote, kumi na viwili, nikaviweka kundini. Kwenye nafasi ya bei nimeandika: bure.

Wananitukana tangu saa nne. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuchukua.