Ukuta wa Mbele wa Mauwa

"Dada, hiyo rangi usiinunue."

Mauwa aligeuka, mikono imekumbatia ndoo, mtandio wake wa zambarau umeteremka mabegani. Duka la vifaa vya ujenzi pale Manzese lilikuwa limejaa Jumamosi ile, na aliyemsemesha alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli safi kupita kiasi.

"Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Mie fundi rangi, naitwa Salumu. Hiyo ni ya mafuta. Nyumba yako iko wapi?"

"Tandika. Ya marehemu baba."

"Ukuta una chumvi kwa chini?"

"Tena nyingi."

"Basi itabanduka kabla ya mfungo. Chukua ya maji, chenji ununulie msasa."

Mauwa alicheka. Mwanaume anayekuokolea pesa siku ya kwanza haachwi aondoke hivi hivi. Mauwa aliondoka na namba ya simu ya Salumu.

Mfungo wenyewe ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Kaka yake Bakari, aliyeko Mtwara, alikuwa amempa mpaka mwezi huo: ule upande wa pili wa nyumba upate wapangaji wa maana, la sivyo nyumba iuzwe wagawane. Mauwa alizaliwa humo na alikuwa akiishi humo. Nyumba hiyo kuuzwa kungemuua.

Salumu alianza kazi Jumatatu. Hakubomoa hata tofali moja. Alisugua chumvi, akalainisha kuta, akapaka sebule rangi ya maziwa, akabadilisha vitasa, taa na nyavu za madirisha. Sakafu nyekundu ya zamani aliipiga nta mpaka ikang'aa.

"Watu wanavunja nyumba nzima ati ipande thamani," alisema akiwa juu ya ngazi. "Mpangaji haulizi msingi, Mauwa. Anaangalia mlango, choo na mwanga."

Mauwa alisimama chini na sahani ya wali, akiutazama mkono ule ukipitisha brashi kwenye kona ya dari bila kutetemeka. Kusema kweli, alisahau kumpa chakula.

Wiki ya pili, Mauwa akiwa kazini, simu za mchana zilikuwa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe, fundi wangu."

"Ukinisubiri utakonda, na mie nimekupenda ulivyo!"

Alhamisi Mauwa alirudi kutoka kazini akakuta mtu anapima uwanja kwa hatua, na dalali pembeni yake akitabasamu.

"Nani kawaambia nyumba inauzwa?"

"Sista, si mmefuta yale maneno?"

Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe. NYUMBA HII HAIUZWI, maneno aliyoyaandika baba yake kwa rangi nyekundu kuwakomesha matapeli, hayakuwepo. Na mjini hapa kila dalali anajua: maneno yale yakifutwa, mwenye nyumba kakubali kuuza.

Salumu alitokea mlangoni na rola mkononi.

"Kaka yangu kakulipa shilingi ngapi?" Mauwa alimvaa.

"Kaka yako mie simjui! Mpangaji akiyasoma yale anajua nyumba ina kesi. Yalikuwa yanaishusha."

"Ungeniuliza!"

"Kweli, ningekuuliza."

"Toka, Salumu. Toka!"

Alikusanya brashi zake akaondoka. Alipiga simu siku tatu mfululizo, haikupokelewa hata moja. Mauwa alilia, lakini ukaidi wa kwao anaujua mwenyewe.

Jumapili Bakari alifika. Alipita mbele ya nyumba mara mbili bila kuitambua, na alipoingia alishika kuta kama kipofu.

"Madalali wamenipigia mpaka nikazima simu. Unauza bila kuniambia?"

"Si wewe uliyemtuma Salumu afute?"

"Salumu gani?"

Uso wa Mauwa uliwaka kwa aibu. Kabla hajajibu, hodi ilibishwa. Ni nesi mmoja na mumewe, wakitafuta vyumba. Walizunguka, wakawasha taa, wakafungua bomba la chooni.

"Mwaka jana tulipitaga hapa," nesi alisema. "Tukaona yale maneno mekundu, tukaogopa ugomvi wa watu. Tunaomba mtupe sisi."

Bakari aliitazama sebule, kisha dada yake.

"Wape funguo. Nyumba kama hii naiuzia nini? Huyo fundi yuko wapi nimpe mkono?"

Mauwa alikimbilia uani na simu.

"Salumu, nimekukosea. Nimekusingizia."

"Na mie nilifuta mwandiko wa baba yako bila ruhusa. Nisamehe."

"Wapangaji wamepatikana kwa ajili hiyo hiyo. Rudi, mpenzi."

"Nirudi kama nani, Mauwa? Kazi imeshaisha."

Mauwa alichungulia dirishani. Ndani, kaka yake alikuwa akimwonyesha nesi vitasa vipya kwa majigambo, utadhani kavifunga yeye.

"Lete wazee wako," alisema. "Kaka harudi Mtwara mpaka Jumanne."