Shahidi Alisikia Makaburini

Muuza mchicha wa soko la Ng'ambo, mjini Tabora, hakuandika kitu. Alifunga mafungu matatu, mteja akasema, "Nitakulipa Ijumaa, shoga," na vikuku vya mikononi mwao vikatetemeka mara moja. Shahidi alikuwa amesikia.

Shahidi ilikuwa mashine isiyo na umbo, iliyosikiliza kupitia vikuku hivyo vya dhamana. Ahadi iliyotamkwa mbele ya watu iliandikwa papo hapo. Ukiitimiza, alama yako ilipanda, ukiivunja, ilishuka. Kwa alama hiyo mtu alipata nyumba ya kupanga, shule ya mtoto na hata vifaa vya matibabu.

Mhandisi Siwema Kapaya ndiye aliyeifundisha kusikia. Mama yake aliuza maharage kwa mkopo miaka ishirini, akafa akiwadai nusu ya mtaa, na watu wakasema hawakumbuki. Siwema alitaka kuwe na anayekumbuka.

Asubuhi moja, katika ofisi yake ya mapingamizi, alikuja Mzee Hamduni Msabaha, fundi baiskeli mstaafu. Alivua kofia, akakaa.

"Mwanangu, naambiwa nadaiwa pampu ya maji. Sijawahi kununua pampu. Aliagiza mdogo wangu, marehemu Shabiru, na haikufika. Alilipinga deni hilo mpaka siku anakufa."

Siwema alifungua kumbukumbu. Ilikuwa kweli. Deni lenye pingamizi Shahidi huliweka kando, halimshushi mtu. Lakini pingamizi la Shabiru lilifungwa siku aliyozikwa. Sababu yake ilikuwa sauti iliyonaswa. Aliisikiliza: majembe yakigonga udongo, kisha Mzee Hamduni akisema, "Anayemdai marehemu, anifuate mimi."

Siwema aliinua mikono kutoka mezani. Maneno hayo aliyasikia katika kila msiba tangu utotoni, na Shahidi ilikuwa imeyaandika kama ahadi ya kulipa.

"Na alikufuata nani, mzee?"

"Hakuja mtu. Angekuja mtu tungekaa, tungezungumza. Ningemwambia, pampu yenyewe iko wapi? Huyu wa kwenu hakai na mtu."

Alama yake ilikuwa imeshuka kutoka sabini na moja hadi thelathini na nne. Mke wake, Bi Tatu, aliishi kwa kisafishadamu, mashine ndogo ya nyumbani iliyofanya kazi ya figo. Ilikodishwa kwa wenye alama hamsini na kuendelea, na mkataba ulikuwa unaisha baada ya siku nane. Hospitali ilikuwa na foleni ya miezi miwili.

"Pingamizi jipya ni siku tisini," Siwema alisema taratibu. "Njia ya haraka ni moja. Uwakusanye waliokuwepo mazikoni, useme mbele yao kwamba deni la ndugu yako hulitambui."

Mzee alicheka kidogo. "Nirudi kaburini nikamwambie Shabiru nilikuwa natania?"

"Ni maneno tu, mzee."

"Mbona yalipokuwa maneno tu mliyaandika?"

Siwema aliifunga kumbukumbu. "Bi Tatu anajua?"

"Nimemwambia jana. Kasema nikimkana Shabiru, naye nisimzike."

Siwema aliandika pingamizi, akaandika barua tatu kwa wakubwa. Kila moja ilijibiwa kwamba maombi yamepokelewa. Siku ya nane kisafishadamu kilizima taa yake. Bi Tatu aliishi siku kumi na moja zaidi.

Siku ya mazishi Siwema aliketi na wanawake uani. Jeneza lilikuwa mbele ya wanaume, karibu na mlango wa ua. Imamu alinyamaza kuwapisha wafiwa, maana ndipo pahali pa yale maneno. Hakuna aliyesimama. Vijana wa marehemu walitazama vikuku vyao.

"Siku hizi hayasemwi tena," mama mmoja alimnong'oneza. "Mwezi mzima sasa. Nani atathubutu?"

Siwema hakuwa na habari hiyo. Katika taarifa zote alizopelekewa hakuna iliyohesabu watu waliozikwa kimya.

Kisha Mzee Hamduni alishika ukuta, akainuka.

"Baba, kaa," mwanawe alisema kwa sauti ya chini. "Tafadhali, kaa."

"Niache. Mama yako hawezi kuondoka hivi, kama mtu asiye na kwao." Alikohoa. "Anayemdai mke wangu, anifuate mimi."

Kikuku chake kilitetemeka. Cha Siwema nacho kilitetemeka, maana alikuwa miongoni mwa waliosikia. Hakuhitaji kufungua kumbukumbu kumjua mdai. Bi Tatu aliacha deni moja tu, kodi ya mwezi wa mwisho ya ile mashine iliyozimwa.

Siwema aliuvuta mtandio wake, akakifunika kikuku na kukibana kifuani kwa nguvu, akiwa na hakika kwamba hata hivyo kinasikia.