Siku Kompyuta Zote Ziliponyamaza

Kila Jumatano, sahani za muthokoi, mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana, zikishaoshwa, wanachama wa Chama cha Kompyuta walikimbilia darasa la mwisho kwenye ua wa Shule ya Itumbani, karibu na soko la Migwani. Mbio hizo zilikuwa na sababu. Kompyuta zilikuwa chache kuliko watoto, na aliyechelewa alibaki nyuma akitazama visogo vya wenzake.

Mutanu hakuhitaji kukimbia. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama, msichana wa Gredi ya Saba, mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kusema, "Hiyo naijua!" Ufunguo wa darasa aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, na kusema kweli, aliuvaa hata siku ambazo chama hakikukutana.

Karibu na dirisha alikaa Hamdi, rafiki yake mkubwa. Hamdi aliona rangi na maumbo ya watu, lakini herufi za kitabuni hakuweza kuziona hata kidogo. Tangu ajiunge na shule hiyo, baba yake, Mzee Mowlid, alipohamishia biashara yake ya mbuzi Migwani, Hamdi alisoma kwa masikio. Kompyuta zilikuwa na programu ya kumsomea maandishi kwa sauti. Shida ni kwamba programu hiyo ilijua Kiingereza peke yake. Ikipewa Kiswahili, iliyatafuna maneno mpaka darasa zima likashika mbavu.

"Inasoma kama mtu ako na kiazi moto kwa mdomo," alisema Kiilu, mtani wa darasa, na Hamdi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Lakini mtihani wa Kiswahili wa kumaliza muhula haukuwa jambo la kucheka. Siku zote Hamdi aliufanyia ofisini, mwalimu akimsomea maswali huku akitupia saa jicho. Safari hii Mwalimu Kyule, mlezi wa chama, alikuwa amemwahidi kwamba sauti ya Kiswahili ikipatikana, atakaa darasani na wenzake na kujisomea mwenyewe. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Hamdi aliusubiri kama Idi!

Jumatano hiyo Mwalimu Kyule aliingia akitabasamu, mkononi ana flashi aliyoitoa Kitui.

"Programu mpya ndiyo hii," alisema. "Inaitwa Msomaji, na inajua Kiswahili. Lakini humu ndani kuna pakiti tatu, na ni lazima tuchague moja. Kiilu, hebu tusomee maelezo yake."

Kiilu alikohoa kama mtangazaji wa redio. "Msomaji Msingi: inafaa kwa matumizi ya kawaida. Msomaji Kamili: ina yote yanayofaa kwa matumizi ya kawaida. Msomaji Kamili Zaidi: kama Kamili, lakini zaidi." Akageuka. "Zaidi ya nini, Mwalimu?"

Kabla mwalimu hajajibu, simu yake ililia. Aliitwa kwenye mkutano Kitui, na pikipiki ilikuwa tayari inamngoja langoni.

"Mutanu," alisema akichukua mkoba, "umeyaelewa maelezo haya?"

Macho yote yalimgeukia Mutanu. Hakuwa ameelewa hata neno moja. Lakini mwenyekiti mzima aseme hajui, mbele ya watu wake?

"Nimeyaelewa, Mwalimu."

"Vizuri. Ukiwa na shaka, ziache mpaka nirudi jioni."

Pikipiki ikaondoka, naye Mutanu akabaki na uongo wake. Alifikiri upesi. Kamili Zaidi ilikuwa kubwa mno, haikuweza kuenea ndani ya kompyuta zile kuukuu. Msingi nayo ilikuwa na jina la kimaskini. Nani anataka msingi wa nyumba ilhali nyumba kamili ipo?

"Tunaweka Kamili," alitangaza.

Na hapo ndipo alipoongeza kosa la pili. Kwao, kazi kubwa hufanywa kwa mwethya: majirani wote huingia shamba moja, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo, na matuta huisha kabla ya jua kuwa kali. Mama yake Mutanu aliongoza mwethya wa akina mama, na hakuna kazi iliyowahi kumshinda.

"Leo ni mwethya wa kompyuta!" Mutanu alipaza sauti. "Hakuna kungojana!"

Wenzake walishangilia. Flashi ilizunguka mkono kwa mkono, Kiilu akaanzisha wimbo, na kila kompyuta ilipouliza kama iondoe programu ya zamani, vidole vilibofya "Ndiyo" bila kusita. Wimbo haukuwa umekwisha, kazi ikawa imekwisha.

"Hamdi, njoo ufungue," Mutanu alisema kwa fahari.

Hamdi alivaa spika za masikioni. Alingoja. Akazivua, akazikung'uta, akazivaa tena.

"Hakuna kitu inaongea," alisema.

Walijaribu kompyuta ya pili, ya tatu, na zote zilizobaki. Kila moja ilionyesha maneno yale yale: "Sauti haijapatikana." Kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga. Sauti ya Kiswahili haikuwapo, na ile ya Kiingereza walikuwa wameifuta kwa mikono yao wenyewe, tena wakiimba.

"Asi!" Kiilu alishika kichwa. Kisha akanong'ona, "Mutanu, tuseme flashi ilikuwa na virusi. Nani atajua?"

"Kwa hivyo Jumatatu narudi ofisini?" Hamdi aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mutanu zaidi. Machozi yalimlengalenga. Angeweza kuilaumu flashi, lakini flashi haingemtoa Hamdi ofisini.

Jioni, Mwalimu Kyule aliposhuka kwenye pikipiki, alimkuta Mutanu langoni.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema kabla hajapungukiwa na ujasiri. "Sikuelewa maelezo yale. Nilichagua kwa jina, tukaweka kwa kompyuta zote pamoja, na sasa zote zimenyamaza."

Mwalimu aliuweka mkoba chini. Halafu, kwa mshangao wa Mutanu, mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka!

"Mutanu, hata mimi sikuyaelewa! Nilikuuliza nikitumaini utanieleza."

Mutanu alicheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu alipotulia, aliongeza kwa upole, "Tofauti yetu ni kwamba mimi niliuliza, wewe ukajibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kesho tutaanza upya, na Hamdi atakuwepo."

Kesho yake Mutanu aliwaeleza wenzake ukweli wote. Hakuna aliyemcheka. Kiilu alisema tu, "Hata mimi niliimba," na darasa likapumua.

"Sasa tuchague ipi?" Mwalimu Kyule aliuliza.

Hamdi aliinua mkono. "Baba yangu hanunui mbuzi kwa maneno ya mwenye mbuzi, Mwalimu. Kila muuzaji husema mbuzi wake ni mzuri. Baba humtembeza, humfungua mdomo akaona meno, humshika mgongo. Hata hizi pakiti tuzitembeze, moja moja, kwa kompyuta moja."

"Umesema kweli," mwalimu alijibu.

Waliweka Msomaji Msingi, ile ya jina la kimaskini, kwenye kompyuta ya dirishani. Hamdi alivaa spika. Ghafla aliruka kitini.

"Inaongea! Inasema, 'Karibu, fungua ukurasa!' Kiswahili safi!"

Darasa zima lililipuka kwa vigelegele. Walipotulia, walirudi kuichunguza Kamili. Mwalimu aliunganisha kompyuta moja na simu yake, na baada ya muda mfupi nayo ikaanza kuzungumza. Hapo fumbo likafumbuka. Kamili ilichukua sauti zake kwenye intaneti, na darasa lao halikuwa na intaneti. Msingi ilikuwa na sauti zake ndani. Maelezo hayakuwa yamesema lolote kati ya hayo.

"Basi tuyaseme sisi," Mutanu alisema.

Waliandika maelezo ambayo hata mtoto wa Gredi ya Nne angeyaelewa, na mwalimu akawatumia watengenezaji wa programu. Baada ya hapo, kwa kuwa sasa walijua wanachokifanya, wakapiga mwethya wa pili. Kiilu aliimba kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatatu, Hamdi alikaa darasani pamoja na wenzake, kwenye kompyuta ya dirishani, spika masikioni. Ufahamu ulihusu punda aliyekataa kuvuka mto mpaka mwenye punda alipombeba mgongoni. Wengine walikuwa bado wanahangaika na aya ya kwanza wakati kicheko kilipopasuka karibu na dirisha. Hamdi alijifunika mdomo. Alikuwa amemfikia punda kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mutanu aliinamia karatasi yake. Hakujua punda amefanya nini, lakini alikuwa anacheka pia.

Mtihani ulipokwisha, Mwalimu Kyule aliwakusanya wanachama kwenye veranda.

"Mmesikia kicheko kile?" alisema. "Mutanu angeilaumu flashi, tusingekisikia. Kusema 'sijui' kulimtia haya kwa dakika moja tu. Kujifanya anajua kungemgharimu Hamdi mtihani wake. Watoto wangu, msione aibu kusema hamjui. Semeni mapema, ili aliye karibu nanyi apate kuwasaidia."

"Mwalimu," Hamdi alidakia, "na yule punda, kweli alibebwa?"

"Usituambie!" Kiilu alipiga kelele. "Mimi sikufika hapo!"