Shimo Lililokunywa Plasta

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na anayetafuna anyamaze kwanza. Haya yalimpata shoga yangu Filomena, kule Italia, chini ya mlima Vesuvio, volkano iliyowafukia Warumi wa kale kwa majivu.

Wachimbaji wa mambo ya kale, naye Filomena akiwa mmoja wao, walifukua nyumba ya Warumi wa kale katika shamba la malimau la marehemu baba yake. Kama na bustani ya nyumba ile ingeonekana, kaka yake Sabato asingeruhusiwa kujenga pale. Basi adhuhuri moja Filomena akamimina uji mweupe wa plasta katika shimo lililoachwa na mzizi uliooza, ili ugande utoe umbo la mzizi, uwe ushahidi kwamba palikuwa na bustani.

Ndoo ya kwanza ikapotelea gizani. Ya pili nayo. Kutoka chini ikasikika sauti ya kugugumia, kama ya mtu mwenye kiu.

"Mnyweshe, dada, mnyweshe!" Sabato akamcheka. "Na shamba utaniachia!"

Siku ya tatu wakachimba. Hapakuwa na umbo la mzizi wala tone la plasta. Shimo lilikuwa limekombwa kwa vidole, kutoka chini kuja juu.

Filomena alirithi sufuria ya shaba ya mama yao. Sabato alirithi shamba, na kwa kuwa bustani haikuthibitika, akajenga, na kila asubuhi hukuta ukutani, juu ya mto wake wa kulalia, alama nyeupe za vidole vitano, bado mbichi.