Marahaba ya Saa Sita

Glavu zilikuwa nane. Felista alizifua mwenyewe asubuhi, akazipaka poda, akazianika kwenye kamba nyuma ya maabara. Enzi zile glavu huitupi, unafua mpaka ichanike kidole. Saa sita na robo akatoka kuzianua, akakuta tisa. Na ile ya tisa ilikuwa ya mkono wa mtoto wa miaka kama miwili, vidole vimenona, vimejaa, kama kuna mkono ndani.

Sasa niambieni, kiwanda gani hapa duniani kinatengeneza glavu za hospitali za mtoto wa miaka miwili? Ampasue nani? Mie aliponihadithia nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Wifi, njaa hiyo. Kanywe uji." Nilicheka, jamani. Nilicheka!

Felista alikuwa mke wa kaka yangu Severin, mwanamke wa Upareni, mwembamba, hana maneno mengi. Maneno yote kwenye familia ile nilipewa mie, Mama Yunusi. Kaka alipunguzwa kiwandani miaka ile ya ruksa, viwanda vya Morogoro vinafunga milango kimoja baada ya kingine, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye vyumba viwili anafungua duka au zahanati. Ndipo Mzee Eustace, tabibu mstaafu, naye akafungua maabara yake kule Bigwa, mlimani panapoanzia. Vyumba viwili, darubini moja, na Felista.

Na ndiyo miaka ule ugonjwa unafyeka watu. Hatukuutaja jina. Tulisema kifua, tulisema kakonda, tulisema karogwa. Aliyekuwa anajua ni Felista. Anatoa damu, anapima, anaandika kikaratasi, anampa daktari, na daktari anakifungia mezani, mgonjwa anaambiwa ale mboga za majani. Felista anarudi nyumbani kabeba majina ya nusu ya mji mdomoni, na mdomo kaufunga.

"Wifi," aliniambia siku moja, "mie nikienda sokoni sioni watu, naona vichupa. Yule muuza dagaa kaniongezea fungu, ananiambia dada, mbona hupokei? Nitapokeaje? Karatasi yake nimeiandika jana, na mwenyewe hajui. Ananiuliza Krismasi tutakwenda wapi."

Damu ya Severin pia aliipima yeye. Akaandika kwa mkono wake, akanyamaza, akamuuguza mpaka akamfunika. Sie ndugu tukasema mkewe kamroga, kazoea kuchezea damu za watu, mumiani huyo. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mie. Naomba mlijue hilo mapema.

Haya. Nyuma ya maabara pale kuna mawe makubwa, yaliporomoka zamani kutoka mlimani, na katikati yake kuna ufa. Ukitupa kokoto husikii inatua. Wenyeji wakipita pale hawakohoi, hawaiti mtu jina. Felista mtu wa kuja, nani amwambie? Mzee Eustace aliahidi kuchimba shimo la uchafu tangu anapaka rangi kuta, mpaka rangi inabanduka, shimo hakuna. Basi damu zikishapimwa, kila siku saa sita, jua la utosi, Felista anachukua ndoo, anakwenda kwenye ufa, anamwaga, anasuuza, anarudi. Miezi minane. Damu ileile, saa ileile, mahali palepale. Kwake yeye ni usafi. Kuna wengine kwao hiyo ni sadaka.

Siku moja kainama, anamwaga, akasikia nyuma yake kasauti kadogo, kazuri, kama ka mtoto aliyefundwa vizuri kwao.

"Shikamoo mama."

Na wewe mwenzangu umelelewa. Unaamkiwa, mikono ina damu, utafanyaje? Akajibu bila kugeuka, "Marahaba mwanangu."

Alipogeuka hakukuwa na mtu. Majani yamesimama wima, hata ndege kimya. Akadhani mtoto wa jirani kakimbia. Kesho yake ndiyo akakuta ile glavu ya tisa.

Kikaanza kidogo kidogo. Vichupa vikawa vinalia vyenyewe kwenye kibao, ting, ting, kama kuna mtu anavipitishia kidole. Wakati ule damu walikuwa wanaivuta kwa mdomo na kijimrija cha kioo, na Felista akiwa chumba cha mbele anaandika, anasikia kule ndani mrija unavutwa, fyoo, fyoo, taratibu, kama mtoto na soda. Anaingia, hakuna mtu, na vichupa alivyovijaza asubuhi vimekauka, vinang'aa, visafi kuliko siku vilipotoka dukani. Chumba kinanuka halua. Halua ya moto, na chini ya halua kitu kama misumari iliyolowa.

Akamwambia Mzee Eustace. Mzee akamtazama juu ya miwani.

"Felista, una wagonjwa kumi na sita hapo nje, mie unaniletea habari za halua?"

"Damu zimekwisha kwenye vichupa, mzee."

"Si uwatoboe tena! Damu wanayo."

Felista akaacha kwenda kwenye ufa. Akachimba kashimo mwenyewe upande wa pili, akawa anafukia na chokaa. Akafikiri amemaliza, maskini. Kumbe mtoto umemzoesha, sasa unamfungia jiko.

Ndipo Hosiana akaanza kupauka.

Hosiana ndiye mtoto wake pekee, ana miaka kumi na mmoja, macho ya kaka yangu, ubishi wangu. Kwanza viganja vikawa vyeupe, halafu midomo, halafu akawa anasimama shuleni anaanguka. Mji mzima ukasema si baba yake alikuwa nao, na mtoto anao, na mama yumo njiani. Wanawake bombani wakawa wananihesabia. Felista akamtoboa mwanawe kidole. Akapima malaria, hakuna. Minyoo, hakuna. Akapima ule wenyewe, mara moja, mara mbili, mara tatu, mtoto hana. Mzima kabisa. Ila kilichotoka kwenye kidole kilikuwa kama maji ya kuoshea nyama.

Jumapili moja wamerudi kanisani, wamekula, wamejilaza kitandani kukwepa jua, mama upande wa ukutani, mtoto ukingoni, dirisha wazi, mchana kweupe. Hosiana akasema polepole, usingizini nusu:

"Mama, huyu mtoto anayelala katikati yetu ni wa nani?"

Felista hakufumbua macho. "Mtoto gani?"

"Huyu wa baridi. Ananinyonya bega."

Na Felista akiwa hapo amefumba macho, anaogopa kuyafumbua na anaogopa kutoyafumbua, akasikia shuka katikati yao inashuka na kupanda, inashuka na kupanda, kama kifua cha mtu aliyeshiba akalala, na ile halua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alipopeleka mkono kumtafuta mwanawe mkono ukapita juu ya kitu teketeke, laini, kina poda, kama mpira wa glavu iliyoanikwa, nacho kikamshika kidole, kikakikumbatia, kama wanavyoshika watoto wachanga wote kidole cha mama yao.

Alikuja kwangu peku, kambeba mtoto mgongoni. Siku hiyo sikucheka.

Mie nikamfuata Bi Shamsia. Huyu ni mwanamke wa Kinole, Jumamosi anashuka sokoni na mdalasini na machungwa, uganga hajautundikia kibao. Kaja kaketi jikoni kwangu, kamenya chungwa lake, kamaliza, ndipo akauliza kwa sauti ya chini:

"Ulimwitikia?"

"Nani?" Felista akasema.

"Usiniulize nani. Ulimwitikia au hukumwitikia?"

"Nilimwitikia. Mtu anakuamkia, utanyamaza?"

"Hata hukugeuka?"

"Mikono ilikuwa na damu, mama."

Bi Shamsia akajipiga paja. "Umemlisha miezi minane. Kakuamkia. Umemwita mwanangu. Sasa ulitaka akale kwa nani? Wewe ndiye mama yake, na kwake mama hana watoto wawili."

Nikanong'ona, "Tumchinjie mbuzi?"

"Mchinjie, umwongeze unene!" Akanigeukia kama nimemtukana. "Huyu dawa yake ni kunyimwa ile marahaba aliyopewa. Siku saba usiitikie shikamoo ya mtu yeyote. Mtoto, mkubwa, mlevi, padri, usiitikie. Siku ya saba saa sita atakuja kukuamkia palepale kazini kwako. Atakuja na sauti yoyote. Jifungie. Usifungue, usichungulie, usijibu, mpaka kivuli kigeuke. Akikosa mama, atakwenda zake."

"Na Hosiana?"

"Akae hapa kwa shangazi yake. Asitoke siku hizo saba. Umesikia, wewe mwenye mdomo?"

Nikasema nimesikia.

Jamani, kaeni Morogoro siku saba bila kuitikia shikamoo, muone! Siku ya kwanza watoto walimwamkia njiani, akapita. Siku ya pili mama mmoja kamfuata mpaka mlangoni, "Felista, mwanangu kakuamkia, umemfanya mbwa?" Siku ya nne wakaacha kuja kupima. Wakasema ule ugonjwa umempanda kichwani. Mzee Eustace akaja juu, "Unafukuza wateja wangu kwa maringo! Una nini cha kuringia wewe, mjane?" Felista aliniambia baadaye, wifi, miaka yote nilikuwa nanyamaza majina yao na waliniheshimu. Nimenyamaza salamu tu, wakanizika.

Ila Hosiana kwangu akaanza kula. Siku ya tano aliomba ndizi. Siku ya sita midomo ikapata rangi.

Siku ya saba.

Felista kajifungia maabara, komeo ndani, dirisha kaweka karatasi. Saa sita jua likasimama. Vichupa vikaanza, ting, ting, halafu vyote pamoja, halafu kimya. Halua ikapita chini ya mlango. Nyayo zikaja juu ya kokoto, ndogo, za peku, zinakokota, zikasimama.

"Shikamoo mama."

Ni sauti ya Hosiana. Felista akajua itakuwa hiyo, alijiandaa kwa hiyo, akaikalia mikono yake.

"Mama, pua inatoka damu. Shangazi hayupo. Shikamoo mama."

Akauma kitenge, akauma mpaka akaonja pamba, na nje mtoto akaanza kulia kama anavyolia Hosiana, kwa kwikwi mbili halafu pumzi, na akakwaruza mlango kama anavyokwaruza Hosiana, chini karibu na bawaba, na akasema mama ni mie, mama nimekuja mwenyewe, mama nimekukosea nini, na Felista akawa anajiambia anaijua sauti ya mwanangu, anaijua, anaiigiza, Bi Shamsia alisema, nikijibu namuua mwanangu, nikinyamaza namponya, na kivuli cha dirisha kilikuwa hakijasogea hata unywele, na ile sauti ikasema mara ya tatu, taratibu, kwa adabu, kama mtoto anayempa mtu mzima nafasi ya mwisho:

"Shikamoo mama."

Akanyamaza.

Nyayo zikaondoka. Halua ikaisha. Kivuli kilipogeuka akafungua mlango, akaona kwenye kizingiti matone matatu ya damu, mabichi, mekundu vizuri, siyo maji ya nyama. Akapiga magoti akayatazama kama anavyotazama kwenye darubini. Ndipo akapiga yowe.

Mie nilikuwa wapi? Bombani. Nilimwambia Hosiana nateka ndoo moja narudi. Nikawakuta wenzangu, wakaniuliza mbona wifi yako haitiki salamu, na mie mdomo huu, nikasema ngojeni niwape, nikaweka ndoo chini, nikaanza kwenye ile glavu. Walicheka, na mie nikawachekesha. Nilicheka kwa sauti mpaka ng'ambo ya kijito, na pengine alinisikia wakati anapita.

Tulimkuta jioni kaketi juu ya yale mawe, miguu inaning'inia kwenye ufa, damu imekauka puani, anatabasamu. Mashavu mekundu. Hajaugua tena tangu siku hiyo, hata mafua. Bi Shamsia alipomwona hakushika mfuko wake wa dawa. Alichukua machungwa yake akapanda gari la kurudi Kinole.

Felista alimbembeleza mwanawe mwaka mzima. Mtoto alikuwa na adabu, anafagia, anapika, anamwamkia kila mtu mtaani. Mama yake tu ndiye hakumwamkia tena. Mwaka wa pili ule ugonjwa ukamchukua Felista. Karatasi yake tuliikuta kwenye droo, kaiandika kwa mkono wake, ina tarehe ya mwezi aliokufa kaka. Ugonjwa ni ugonjwa na jini ni jini, msinichanganyie.

Tumetoka kuzika, tumeketi mkekani kwangu, wanawake wakamkumbatia Hosiana, "Pole mama, lia, mtoto akifiwa na mama analia." Yeye akawatazama, mmoja mmoja, macho makavu.

Nikamvuta pembeni. Nikamnong'oneza, "Hosi, mwanangu, mama yako alikupenda. Siku ile alinyamaza kwa ajili yako."

"Najua, shangazi. Nilimwamkia mara tatu akanyamaza." Akanishika mkono, baridi. "Ya tatu niliitikiwa kule kwenye mawe. Marahaba mwanangu. Mbona mnalia? Mama yupo."

Akaondoka kwenda kuanua nguo, maana ilikuwa inakaribia saa sita. Nikamtazama kutoka mlangoni. Kwenye kamba kulikuwa na sare zake mbili za shule, na katikati ya sare glavu moja. Siyo ya mtoto. Ya mtu mzima, pana, vidole vimejaa, na Hosiana alipoifikia hakuianua. Aliishika kama mtoto anavyomshika mama yake mkono, wakaondoka.