Mchumba Aliyefuta Kompyuta

"Karata zangu ziko wapi?"

Mama alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya binti yake, miwani puani, kidole kikielea hewani. Kila asubuhi kabla ya chai alicheza mkono mmoja wa karata kwenye mashine ile. Leo kioo kilikuwa na rangi nyingine kabisa.

"Karata gani tena, Mama?" Fundi, binti mwenyewe, aliuliza bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani yake.

"Zangu! Za kila siku! Njoo uone, tumeibiwa."

Fundi alisogea na pini zake mdomoni. Kompyuta haikuwa imeibiwa, ilikuwa mezani palepale, lakini ndani hamkuwa kwake tena. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta vyombo vya jirani.

Wakati huohuo Huria akatokea mlangoni, meno yote nje.

"Umeiona zawadi yangu?"

Huria ni jina alilopewa na mtaa, na mwenyewe alilipenda. Alitengeneza kompyuta kwenye duka la kuchapisha, upande wa pili wa barabara, na imani yake ilikuwa moja: programu ni kama chakula, anayekula ana haki ya kujua kilichotiwa chunguni. Maoni hayakumpungukia. Printa inayokataa wino wa kampuni nyingine, alisema, ina wivu kuliko mke mwenza. Gemu inayodai intaneti wakati unacheza peke yako ni sawa na kuomba ruhusa kwa muuza karata kila unapozichanganya. Watu walipiga miayo alipoanza. Fundi hakupiga. Aliyapenda macho yake yalivyowaka, akaona afadhali mwanaume anayepigania kitu kuliko yule anayekubali kila kitu. Wazee walishazungumza, na tarehe ya harusi ilishapangwa.

"Zawadi gani?" aliuliza akizitoa pini mdomoni, moja moja.

"Jana ulipoenda kununua vitambaa ukaniachia duka, niliufuta ule mfumo wa kampuni. Nimekuwekea mfumo huria, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha. Mwepesi kama unyoya! Hakuna apdeti za kukukatiza kazi, hakuna matangazo, hakuna wa kukuchungulia."

"Faili zangu?"

"Zipo zote. Nilizihamisha kwanza. Mimi si mwendawazimu."

"Na programu yangu ya kuchorea magauni?"

Huria akajikuna kisogo.

"Ile... ile ni ya kufungwa, ya kampuni. Haikubali kukaa humu. Lakini ipo nyingine, nzuri, ya bure, na..."

"Inafungua michoro yangu?"

Huria akaangalia sakafu.

"Huria. Inafungua?"

"Bado."

"Na karata?" Mama akadakia.

"Karata zipo, Mama. Bonyeza hapo pembeni."

Kabla Mama hajabonyeza, sauti ikaita kutoka nje.

"Hodi hapa! Nimekuja kuliona gauni langu kabla halijakatwa."

Alikuwa mwalimu wa chekechea, bibi harusi wa Jumamosi. Fundi alimkaribisha, akatandaza karatasi ya kaki mezani, akaanza kulichora gauni kwa mkono, kwa kumbukumbu. Mwalimu alitazama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Mbona mabega siyo yale tuliyokubaliana?"

"Ni mchoro wa haraka tu, mwalimu. Ule wenyewe uko kwenye kompyuta, imenisumbua kidogo."

"Sawa. Nitarudi kesho." Mwalimu akakigusa kitambaa cheupe kilichokunjwa rafuni. "Ila nakuomba, fundi. Hiki alinichagulia bibi yangu kabla hajafariki. Kikikatwa vibaya, sina pa kupata kingine."

Alipotoka, Huria ndiye aliyeanza.

"Nilitaka kukukomboa tu."

"Nilikuambia nimetekwa?"

"Wale watu wamekufunga, Fundi wangu. Siku wakiamua kuizima programu yao, michoro yako yote..."

"Wao wananiuliza!" Fundi alipaza sauti mpaka Mama akaacha kubonyeza. "Hao unaowaita wafungaji, kabla ya kugusa kitu chochote wananiandikia: bonyeza hapa ukikubali. Wewe unayehubiri uhuru hukuniuliza hata hilo!"

"Nilijua ukishaona..."

"Uhuru wa kusukumiwa mdomoni ni uhuru gani? Leo umefuta kompyuta. Kesho nikiwa mkeo utafuta nini? Vitambaa vyangu? Rafiki zangu?"

"Usiseme hivyo."

"Mambo ya harusi yasimame kwanza. Toka, nifanye kazi."

Huria akatoka. Akavuka barabara bila hata kuangalia magari.

"Mwanangu," Mama alisema polepole, "yaani kwa sababu ya kompyuta?"

"Si kompyuta, Mama."

Mama akarudi kwenye karata zake. Baada ya muda simu ya Fundi ikatetemeka juu ya meza. Huria hakuwa kwenye grupu lolote wala programu yoyote ya kuchati, kwa hiyo ujumbe wake uliingia kwa njia ya kizamani, na nukta zake zote na mkato.

"Fundi wangu, nimekosa. Naomba ruhusa niichukue kompyuta, niirudishe kama ilivyokuwa."

Fundi aliusoma, akausoma tena. Akajibu: "Ichukue. Naitaka kabla mwalimu hajaja."

Asubuhi alimkuta Huria amekaa kwenye ngazi ya duka, kompyuta mapajani, macho mekundu. Waliingia ndani bila salamu ndefu. Fundi akaiwasha. Mfumo wake wa zamani ukaamka kwa uvivu uleule, ukamtangazia apdeti mbili na tangazo la mchezo. Akabofya programu yake. Gauni la mwalimu likatokea, mabega mahali pake.

"Umefanyaje? Si ulisema hutaugusa mfumo huu mpaka unaingia kaburini?"

"Nimeugusa." Huria alijaribu kutabasamu. "Programu yako ilikataa kufunguka. Nimewapigia simu wenye kampuni niwaombe ruhusa ya kuifungua upya. Wameniweka kwenye foleni wananipigia muziki mpaka nimeujua wimbo wote. Mwishowe nikamwambia yule dada, tafadhali, uchumba wangu uko mikononi mwako."

Kicheko kilimponyoka Fundi. Akakirudisha haraka.

"Nijibu swali moja, na usinipe hotuba. Kwa nini hukuniuliza?"

Huria aliitazama mikono yake.

"Niliogopa utasema hapana."

Fundi hakulitegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

"Baba yangu alikuwa fundi redio," Huria aliendelea. "Redio ya mtu yeyote aliifungua kwa bisibisi, akaniita nichungulie ndani, akaniambia hiki kinafanya hivi. Halafu vikaanza kuja vitu vilivyogandishwa kwa gundi. Ukivifungua, vinakufa. Watu wakaacha kuleta, akafunga duka. Alikaa kwenye kiti chake mchana kutwa, mikono haina kazi. Mimi nikiona kitu kimefungwa, namwona yeye. Nilimwona na juzi, nikakusahau wewe."

"Hujawahi kuniambia habari hizo."

"Najua. Huwa nakuambia habari za printa tu."

Fundi alitamani kumshika bega. Lakini mwalimu alikuwa njiani na mkasi ulikuwa unangoja.

"Nenda kwanza," alisema kwa upole. "Nitakuita."

Siku hiyo alikikata kitambaa cheupe bila kukosea hata uzi. Jumamosi mwalimu aliolewa, gauni likamkaa kama alizaliwa nalo. Huria aliendelea kungoja upande wa pili wa barabara. Alifagia mbele ya duka lake mpaka Mama akasema lami itatoboka.

"Mwite, mwanangu. Mwenye kosa akishakiri, kinachobaki ni kumtesa tu."

Fundi akachukua simu.

"Njoo na ile programu yako ya bure ya kuchorea," alimwambia. "Iweke pembeni ya yangu, usifute hata nukta. Mimi nitabonyeza. Wewe utakaa hapa, mikono mgongoni."

"Mikono mgongoni," Huria akarudia kama mwanafunzi.

Alikaa hivyo kweli. Fundi alipokosea, Huria alijikunja kitini kama mtu aliyebanwa na kiatu, ila hakugusa. Kazi ikaendelea hivyo jioni baada ya jioni, na siku moja Fundi akasonya.

"Hii haijui kupunguza kiuno. Inadhani wanawake wote ni mapipa."

"Waambie."

"Kina nani?"

"Walioitengeneza. Ni watu tu. Andika maoni yako, mimi nitayapeleka mahali wanapoyasoma."

Fundi aliandika bila matumaini. Akaeleza jinsi mshonaji anavyopima kiuno na nyonga, akachora, akampa Huria atume, akasahau. Halafu mchana mmoja Mama alisikia kelele, akadhani mtu amedungwa sindano.

"Wamenijibu! Huria! Huria wee!"

Huria akavuka barabara mbio, bisibisi ingali mkononi.

"Soma!" Fundi alimvuta mkono. "Wanasema mshonaji amesema kweli, wamerekebisha. Na jina langu wameliweka hapa, miongoni mwa waliochangia. Mimi! Wale wengine nimewatumikia miaka yote, hawajawahi hata kunisalimia."

Huria hakusema "si nilikuambia". Midomo ilimtetemeka kwa kuyazuia maneno hayo, lakini hakuyasema. Fundi aliona, na hapo moyo wake ukamaliza kuyeyuka.

"Mama," aliita, "ile tarehe ya harusi bado iko wazi?"

"Mimi sikuwahi kuifuta," Mama akajibu kutoka uani.

Walioana kweli. Gauni lake Fundi alilichora mwenyewe kwenye programu huria, kiuno mahali pake, na michoro ya wateja akaiacha kwenye ile ya zamani, maana kazi ni kazi. Huria hakulalamika. Tatizo lilikuwa jingine: tangu siku ile aliuliza kila kitu. Naomba nisogeze kiti? Naomba nizime feni? Hata siku ya harusi, walipokaa mbele ya watu, aliinama sikioni mwa mkewe.

"Samahani. Naomba kukushika mkono."

Fundi alicheka mpaka shela likamteleza. Akauchukua mkono wa mumewe mwenyewe, akauweka juu ya mapaja yake.

"Mengine, mume wangu," alimnong'oneza, "huhitaji kuuliza."