Kifaa Kifuani mwa Mwashi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa vipimo hospitalini. Mchana mmoja alitumwa nyumbani kwa mwashi aliyefariki asubuhi ile, akachukue kifaa kidogo cha kurekodi mapigo ya moyo alichokuwa amevalishwa.

Umeme ulikuwa umekatika. Mjane alimkokota hadi chumba cha ndani kisicho na dirisha, giza totoro.

"Kaka yangu, wanataka kumzika mume wangu angali hai! Hebu sikiliza."

Kutoka kitandani kilisikika kile kifaa: ti... ti... ti...

Fundi aliinama, akalaza sikio kifuani mwa maiti. Baridi kama jiwe, kimya. Kifaa kikaendelea kulia.

"Pole, dada. Mashine hii imeharibika."

Mjane alimwangukia miguuni. "Usiizime, nakuomba! Ndiyo sauti pekee niliyobakiwa nayo."

Fundi akamhurumia. "Basi ngoja uone moyo wa mtu aliye hai unavyochorwa kwenye kioo cha kifaa hiki, roho yako itulie."

Alizibandua nyaya za kifaa taratibu kutoka kwa maiti, akazibandika kifuani mwake mwenyewe. Kifaa kikanyamaza. Wakangoja wote wawili, pumzi wameibana. Moyo wa fundi ulimdunda hadi masikioni, lakini kwenye kile kioo kidogo mstari wa kijani ulipita umenyooka, bila hata kutikisika.